Pampu moja, kazi mbili

Mwaka 2023 haukuwa mwema kwetu sisi tunaokaa nyuma ya mashine ya moyo na mapafu. Walianza Waholanzi. Utafiti wao, INCEPTION, ulitaka kujua kama mtu ambaye moyo wake umesimama nje ya hospitali na ukagoma kurudi anafaidika akiunganishwa na ECMO, mashine inayotoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha, huku kifua bado kinakandamizwa. Baada ya siku 30, waliokuwa hai na akili zao timamu walikuwa asilimia 20 katika kundi la mashine na asilimia 16 katika kundi la matibabu ya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu haishiki. Mwezi Agosti wakafuata Wajerumani na wenzao wa Slovenia na ECLS-SHOCK: wagonjwa 420 wa shambulio la moyo ambao moyo ulikuwa umechoka hadi presha inashuka, figo zinakata mkojo na ngozi inapoa. Wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu mashine, nusu bila. Waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 47.8 kwa wenye mashine na asilimia 49.0 kwa wasio nayo. Ambao waliunganishwa ndio walitokwa damu zaidi, na ndio waliopata matatizo zaidi ya mishipa ya mguu.

Siku matokeo hayo ya pili yalipotoka, daktari mmoja kijana wa chumba cha wagonjwa mahututi, ninayempenda kwa sababu hakubali kitu kirahisi, alikuja kunisimamia nikiwa natoa mapovu kwenye mirija. Simu mkononi. "Mzee, hii mitambo yako tuiuze vyuma chakavu?" Nikamwambia asubiri nimalize, kwani povu la hewa haliachi kuua eti kwa sababu makala imetoka. Akasubiri, nikamjibu kwa kifupi. Jibu lenyewe ni refu, nimeona niliandike.

Kwa asiyejua kazi yangu: mgonjwa anapofanyiwa upasuaji wa kufungua moyo, mimi ndiye ninayeendesha mashine inayoshika zamu ya moyo na mapafu yake. Daktari mpasuaji anaingiza bomba kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo, damu inateremka kwa uzito wake hadi kwenye tangi langu. Kutoka hapo pampu inaisukuma kupitia oksijeneta, chombo chenye maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati. Hewa inapita ndani ya nyuzi, damu inapita nje yake, oksijeni inaingia na kabonidayoksaidi inatoka. Humo humo kuna sehemu ya kupoza au kupasha joto. Kisha damu inarudi kwa mgonjwa kupitia aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Kwa mtu mzima tunazungumzia lita nne hadi tano kila dakika.

Huwezi kupitisha damu kwenye plastiki bila kuizuia isigande, kwa hiyo kabla ya yote inatangulia heparini, yuniti 300 hadi 400 kwa kila kilo ya mgonjwa, na sianzi mpaka kipimo cha kuganda kipite sekunde 480 au hapo karibu. Wapo wanaokubali chini ya hapo. Mimi si mmoja wao.

Halafu inakuja hatua ambayo nataka msomaji aishike, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Mpasuaji anabana aota kwa koleo, juu kidogo ya moyo. Kuanzia hapo damu yangu haifiki tena ndani ya moyo. Tunaupa dawa baridi yenye potasiamu nyingi, nao unasimama, mtupu, mlegevu. Hauna cha kusukuma wala wa kushindana naye. Mpasuaji anaziba tundu, anabadilisha vali, anaunganisha mishipa, na akimaliza anaachia koleo, damu ya joto inaosha potasiamu, moyo unaanza tena. Mimi napunguza mzunguko wa pampu kidogo kidogo huku nikitazama presha, hadi moyo ubebe mzigo wote. Protamini inaingia kufuta kazi ya heparini. Tumemaliza.

Watu hudhani kazi hii ni ya kutazama skrini. Nusu yake ni macho kwenye mirija yenyewe. Wa kutoka una damu ya giza, wa kurudi damu ya kung'aa, na rangi hizo mbili zikianza kukaribiana nimeshapata habari kabla kengele haijalia. Nusu nyingine ni masikio na mikono. Mrija wa kutoka ukianza kutetemeka chini ya kiganja changu, ukuta wa vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, unavutwa kwenye mdomo wa bomba: ama mgonjwa hana damu ya kutosha kwenye mishipa, ama mpasuaji ameinua moyo bila kuniambia. (Huwa hawaambii.) Na siku zote jicho moja lipo kwenye tangi. Fanya hesabu: pampu ikienda lita tano kwa dakika na tangini zimebaki mililita 500, nina sekunde sita kabla sijaanza kumsukumia mtu hewa ubongoni. Ndiyo maana mtu akinisemesha nikiwa kwenye pampu simjibu, na wageni wananiona nina kiburi.

Kufika hapa kulichukua muda na watu. John Gibbon alikuwa daktari kijana Boston miaka ya 1930 ikianza, akakeshwa na mgonjwa mwenye bonge la damu lililoziba mshipa wa mapafu. Aliketi naye usiku kucha akihesabu presha ikishuka, wakampasua asubuhi, akafa. Wazo lililomjia usiku ule, kwamba damu ya giza ingeweza kutolewa, ikapewa oksijeni nje, ikarudishwa upande wa pili, lilimchukua zaidi ya miaka 20. Mkewe Mary alikuwa mwenzake wa maabara, na kuna wakati Gibbon alitoka usiku kutafuta paka wa mitaani wa kufanyia majaribio. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, alifunga tundu kwenye moyo wa msichana wa miaka 18, Cecelia Bavolek, na kwa dakika 26 binti yule alikuwa hai kwa mashine peke yake. Alipona. Wagonjwa waliofuata mwaka huo huo walikufa, na Gibbon akaiacha kazi hiyo kabisa. Ni wengine, John Kirklin na wenzake pale Mayo Clinic, walioichukua mashine yake mwaka 1955, wakaiboresha na kuifanya ya kila siku.

Katikati ya hapo kuna kisa ambacho hadi leo sikisomi nikatulia. Mwaka 1954, Walton Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliona mashine zilizopo haziaminiki, akaamua kumtumia binadamu badala yake. Alimlaza mzazi meza ya pili, akaunganisha mishipa yake na ya mtoto, na mapafu ya baba au mama yakafanya kazi ya oksijeneta. Wagonjwa 45 walipasuliwa hivyo. Wengi wao walitoka hospitali wakiwa hai, kwa magonjwa ambayo hayakuwa na tiba nyingine yoyote. Wakosoaji walisema huo ndio upasuaji wa kwanza unaoweza kuua asilimia 200, na kweli mama mmoja aliingiwa na hewa mishipani akapata madhara ya ubongo. Mwaka uliofuata Richard DeWall, akiwa na Lillehei, alitengeneza oksijeneta rahisi ya mapovu, na wazazi wakaruhusiwa kubaki nje ya chumba cha upasuaji.

Angalia jambo moja katika historia hiyo. Hakuna aliyewahi kufanya utafiti wa kugawanya wagonjwa kwa bahati nasibu ili kujua kama mashine ya upasuaji "inafanya kazi". Isingewezekana. Huwezi kufungua moyo unaodunda umejaa damu ukaziba tundu ndani yake kwa raha yako. Kilichochunguzwa, na kuchunguzwa sana, ni gharama yake mwilini. Kwa miaka mingi hofu kubwa ilikuwa ubongo. Mwaka 2001 Mark Newman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha matokeo ya wagonjwa 261 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo: asilimia 53 walikuwa wameshuka katika vipimo vya kumbukumbu na umakini siku ya kuruhusiwa, asilimia 24 baada ya miezi sita, halafu idadi ikapanda tena hadi asilimia 42 baada ya miaka mitano. Kazi ile ilitutia doa. Nimekutana na wagonjwa waliokataa upasuaji kwa sababu waliisikia mahali, pasipo kusikia kilichofuata: watafiti wa Johns Hopkins walipofuatilia pia watu wenye ugonjwa ule ule wa mishipa ambao hawakupasuliwa, nao walishuka kwa kiasi kinachofanana. Ugonjwa wa mishipa hauishii moyoni, unafika kichwani pia, na mashine ilikuwa ikibebeshwa lawama ya miaka.

Wakajaribu basi kuikwepa pampu, kuunganisha mishipa moyo ukiwa unadunda. Utafiti wa ROOBY, mwaka 2009, wagonjwa 2,203: waliokwepeshwa pampu walikuwa na matokeo mabaya zaidi baada ya mwaka, na mishipa yao mipya iliziba zaidi. CORONARY, mwaka 2012, wagonjwa 4,752: baada ya siku 30 hakuna tofauti ya maana. Nilizipokea tafiti hizo kwa furaha isiyo ya kisayansi hata kidogo.

Sasa ECMO.

Vifaa ni ndugu. Pampu, oksijeneta, mirija, kipasha joto. Tangi halipo, mzunguko umefungwa, hakuna akiba. Heparini ni kidogo zaidi kwa sababu mgonjwa atakaa humo siku, pengine wiki, na damu isiyoganda kwa wiki nzima itatafuta pa kutokea. Na kwa sababu vifaa vinafanana, watu wenye akili zao wanahitimisha kwamba kazi ni ile ile ila ya muda mrefu. Daktari wangu kijana naye aliamini hivyo.

Ilianzia kwenye mapafu. Mwaka 1971 Donald Hill huko California alimweka kijana wa miaka 24, aliyeumia vibaya kwenye ajali, kwenye mashine kwa saa 75, akapona. Watu wakashangilia, Marekani ikagharimia utafiti wa watu wazima 90 wenye mapafu yaliyoharibika, na waliopona hawakufika asilimia 10 katika kundi lolote kati ya mawili. Kwa watu wazima jambo likafa kwa karibu kizazi kizima. Aliyelibakiza hai ni Robert Bartlett, na alilibakiza kwa watoto wachanga. Mwaka 1975 alimwokoa mtoto aliyevuta kinyesi chake cha tumboni wakati wa kuzaliwa, mtoto aliyeachwa hospitali ambaye wauguzi walimpa jina la Esperanza. Waingereza walipokuja kulipima jambo hilo kwa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1996, walilazimika kusimamisha mapema: kati ya watoto 93 waliopelekwa kwenye ECMO walikufa 30, kati ya 92 waliobaki kwenye matibabu ya kawaida walikufa 54. Takwimu kama hizo hazihitaji mtaalamu wa kuzieleza.

Kwa nini watoto wale walifaulu na watu wazima wale hawakufaulu? Mapafu ya mtoto yule yalikuwa na tatizo lenye mwisho. Mpe siku chache bila kumpasulia mapafu kwa presha ya ventileta, mashine ya kupumulia, uchafu unaondoka, mishipa inafunguka. Kulikuwa na kitu kilichokuwa kinapona chenyewe wakati mashine inasubiri. Mtu mzima wa miaka ya 1970 aliunganishwa akiwa amechelewa, mapafu yakiwa tayari yameanza kuwa kovu, na ventileta ikaendelea kumpiga kwa nguvu ile ile. Miaka 30 baadaye, tulipojifunza kuwahi na kuyapumzisha mapafu kwelikweli, hesabu zilibadilika: utafiti wa CESAR wa Uingereza mwaka 2009 ilipata asilimia 63 waliokuwa hai bila ulemavu mzito baada ya miezi sita, dhidi ya 47. EOLIA ya mwaka 2018 ilipata vifo asilimia 35 dhidi ya 46, ingawa kitakwimu haikuvuka mstari na watu bado wanagombana juu yake. Sitaingia huko leo.

Ninachotaka kukieleza ni moyo. Katika ECMO ya moyo, bomba moja linapita kwenye vena ya kinena hadi karibu na moyo, linavuta damu. Bomba la pili liko kwenye ateri ya kinena, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na damu inarudishwa kupitia hapo. Itazame njia hiyo. Damu inapanda aota kutoka chini kwenda juu, kinyume na mkondo wake wa asili, hadi inakutana uso kwa uso na vali ya moyo. Hakuna koleo. Hakuna potasiamu. Moyo mgonjwa uko pale pale, unadunda kwa udhaifu wake, na kila pigo lazima lifungue vali dhidi ya presha ninayoitengeneza mimi. Ni sawa na kumsaidia mzee kufungua mlango kwa kuusukuma kutoka upande wa pili.

Ubongo unapata damu, figo zinapata damu, ini linapata damu. Hilo ni kweli na ndilo linalotufanya tuiunganishe. Lakini chumba cha kushoto cha chini, ambacho ndicho kilichougua, kinaongezewa mzigo. Kikishindwa kabisa kufungua vali, damu kidogo inayoendelea kuingia kupitia mapafu inakijaza, kinavimba, ukuta wake unavutika na kudai oksijeni zaidi, mapafu nyuma yake yanajaa maji, na damu iliyotuama ndani inaanza kuganda. Nimewahi kuona kwenye picha ya mawimbi ya sauti chumba hicho kikizungusha moshi, ile damu inayozubaa kabla haijawa bonge. Ukiona hivyo, pampu inayoonekana kuokoa maisha kwenye skrini yangu inafanya kazi nyingine kwenye skrini ya jirani.

Na yapo mengine. Bomba nene kwenye ateri ya kinena linaweza kuukosesha mguu damu, ndiyo maana tunaweka kimrija kidogo cha pili cha kuelekea chini. Moyo ukianza kupata nguvu kabla ya mapafu, unasukuma damu isiyo na oksijeni ya kutosha kwenye kichwa na kwenye mishipa yake wenyewe, wakati miguu inang'aa kwa damu yangu safi. Kwa hiyo oksijeni tunaipima mkono wa kulia. Muuguzi anayepima mkono wa kushoto kwa sababu ndiko kamba ilikofika nitamhamisha kwa heshima, lakini nitamhamisha.

Tuirudie ECLS-SHOCK tukiwa na hayo kichwani. Wagonjwa zaidi ya robo tatu katika utafiti ule walikuwa wameshafufuliwa kabla ya kugawanywa, yaani moyo ulikuwa umesimama na ukarudishwa. Wengi wa watu hao hatima yao ilikuwa imeshaamuliwa ndani ya ubongo, na mzunguko wa damu mzuri kiasi gani haurudishi seli zilizokufa. Na katika kundi la mashine, waliowekewa njia yoyote ya kuupunguzia mzigo moyo wa kushoto walikuwa asilimia 5.8. Hao wengine wote mlango ulisukumwa kutoka upande wa pili. Kwangu utafiti ule haukusema ECMO haina kazi. Ulisema ukiiunganisha mapema na kwa kawaida kwa kila mwenye shambulio la moyo aliyelegea, huvuni vifo vichache, unavuna damu kumwagika. Tafiti nne za aina hiyo zilipojumlishwa mgonjwa mmoja mmoja, watu 567, jibu lilikuwa hilo hilo.

Kisha mwaka 2024 ukatoka utafiti wa DanGer Shock, Denmark na Ujerumani na Uingereza, ambao uliwachukua miaka kumi kukusanya watu 355. Wao hawakutumia ECMO. Walitumia kipampu chembamba kinachopita kwenye ateri hadi ndani ya chumba cha kushoto chenyewe, kinachonyonya damu humo na kuitema kwenye aota, kwa mwelekeo uleule ambao moyo ungependa. Na hawakuwachukua waliokuwa wamezimia baada ya moyo kusimama. Baada ya siku 180 walikuwa wamekufa asilimia 45.8 ya waliopata kipampu na asilimia 58.5 ya wasiokipata. Madhara yalikuwepo tele: damu, miguu kukosa damu, na waliohitaji kusafishwa figo walifika asilimia 41.9 dhidi ya 26.7. Hata hivyo kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, mashine ilipunguza vifo katika ugonjwa huu mbele ya watakwimu.

Kwa moyo uliosimama, hadithi ni ya saa. Minneapolis, mwaka 2020, utafiti wa ARREST ulisimamishwa mapema ukiwa na watu 30 tu: waliotoka hospitali hai ni sita kati ya 14 wa ECMO, na mmoja kati ya 15 wa kundi la pili. Prague, mwaka 2022, watu 256: asilimia 31.5 kwa 22.0 waliokuwa na ubongo mzima baada ya siku 180, karibu na mstari bila kuuvuka. Uholanzi, kama nilivyosema, 20 kwa 16. Ukisoma namba peke yake utadhani ukweli ulikuwa unafifia kadiri tafiti zilivyoendelea. Soma nani aliyeshika bomba. Minneapolis ni timu moja inayofanya hivyo kila mara, na iliwachukua wale ambao moyo ulikuwa bado unatetemeka kwa mdundo unaoweza kushtuliwa na umeme. Uholanzi ni hospitali kumi zilizogawana wagonjwa wachache wachache. Bomba la ateri kwa mtu ambaye kifua chake kinarukaruka chini ya mikono ya mwenzako haliwekwi kwa kusoma mwongozo, na kila dakika unayokosa njia ya mshipa, ubongo unailipa.

Kwa hiyo simu ikilia usiku, siku hizi naulizia vitu vile vile kabla sijachukua funguo za gari. Nani alimwona akianguka, na alianza kukandamizwa kifua lini? Mdundo wa kwanza ulikuwa upi? Kuna mshipa wa kuzibuliwa, na mtu wa kuuzibua ameshaamka? Tukimuunganisha, njia ya kutokea ni ipi: moyo utapona, atapata pampu ya kudumu, yuko kwenye orodha ya kupandikizwa? Daktari wa zamu akisema "tutaona", namwomba aangalie tena, kwa adabu. Kumwondoa mtu kwenye mashine kwa sababu hakuna pa kumpeleka, akiwa macho na familia imemzunguka, ni jambo nimelifanya na sitaki kulielezea.

Nilimpa daktari wangu kijana nadharia yangu ya mlango, akaipenda kwa muda wa wiki moja hivi. Akarudi na makala nyingine. EARLY-UNLOAD, Korea Kusini, 2023: wagonjwa 116 wote wakiwa kwenye ECMO, nusu wakapunguziwa mzigo wa moyo wa kushoto mapema kwa bomba lililotobolewa kupitia ukuta wa vyumba vya juu, nusu wakasubiri hadi ionekane lazima. Vifo vya siku 30: asilimia 46.6 kwa waliowahishwa, 44.8 kwa waliosubirishwa. "Mlango wako umeufungua, mzee. Mbona hawakupita?"

Nikamwambia nusu ya waliosubirishwa waliishia kuwekewa bomba hilo hilo, kwa hiyo kilicholinganishwa ni kuwahi na kuchelewa, na kwamba watu 116 ni wachache kwa swali kubwa namna hiyo. Akasema kila mtu asiyependa matokeo husema watu walikuwa wachache. Anataka tuache kuweka bomba hilo la kupunguza mzigo mpaka picha ionyeshe chumba kimevimba. Mimi nataka tuliweke kabla ya moshi, na pampu yangu niiendeshe polepole kadiri viungo vitakavyovumilia. Kwa sasa tunapima upya kila saa nne, na aliye zamu ndiye anayeamua.